Ahadi ya Manila: Baba Aliyekesha Akiunda Pangaboi la Mwanawe

Kuna jamaa mmoja wa Kipawa, kule ndege zinakopita juu ya mabati mpaka mnakatisha maongezi. Kwa mwanawe wa miaka saba alishajijengea sifa mbaya: baba wa kesho. Alimwahidi Coco Beach, hakutokea. Alimwahidi atakuja kwenye mahafali ya chekechea, akatuma meseji kuwa amebanwa na kazi. Dogo anaishi Tabata na mama yake, wazazi walishaachana kitambo.

Sasa mama akapata uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma. Safari ni Jumapili asubuhi, kwa ndege. Dogo hajawahi kupanda, akapiga simu na swali moja tu: "Baba, hiyo ndege ikoje?"

Jamaa akaropoka: "Nitakutengenezea moja, uje uichukue Jumamosi."

Usiku huo akaingia mtandaoni, akapata michoro ya Dash 8 Q400, yale mapangaboi ambayo Air Tanzania ilianza kuyapokea Septemba 2016. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 32.8 na mabawa ya mita 28.4 kutoka ncha hadi ncha. Ukiipunguza mara mia unapata ya sentimita 32.8, saizi ya kubebwa kwapani. Akaona hii ni kazi ya jioni moja. Weee!

Jumatano akachapisha kurasa tatu kwenye manila, manila zikaisha pale steshenari. Kesho yake akamalizia zilizobaki kwa jirani. Akakata kwa wembe na rula. Kila penye mstari wa kukunja akapitisha kwanza peni iliyokwisha wino, maana manila ukiikunja kavukavu inapasuka rangi. Bodi akaizungushia kwenye mpini wa ufagio mpaka ikakubali kuwa bomba. Gundi nyeupe aliipaka kwa kijiti cha meno, kidogo kidogo, kwa sababu ikizidi karatasi inalowa na kujikunja kama chapati.

Ijumaa saa nne usiku akachukua kipande cha mbele na cha nyuma ili aviunganishe. Havikutani. Cha nyuma kimekipita cha mbele, ukivizungushia uzi unaona tofauti ya milimita 5. Akavuta, akabana, akaongeza gundi. Bodi ikabonyea ubavuni.

Hapo ndo akafungua simu, akaanza kuandika kwa mzazi mwenzake: "Mwambie dogo kesho nimebanwa..."

Hakuituma. Akarudi kwenye mabaki ya karatasi kutafuta kosa lilipoanzia, kwani mkasi wake ulikuwa umefuata mstari vizuri tu. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na kimstari cha kupimia, kimeandikwa sentimita 5. Akaweka rula. Kurasa za Alhamisi: 5 kamili. Za Jumatano: 4.7. Kumbe steshenari ya kwanza kompyuta ilipunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi, na yeye hakupima. Amekaa siku mbili anapambana na gundi, wakati kosa lilitokea kabla hata hajashika wembe.

Akaifuta ile meseji, akaandika nyingine: "Mlete kama tulivyopanga. Ndege haijaisha, nilikosea mwanzoni. Nitamwambia mwenyewe."

Asubuhi alikuwa wa kwanza steshenari, rula mkononi. Safari hii alipima kimstari kabla ya kulipa.

Dogo alifika saa nne asubuhi, akakuta bodi imesimama lakini haina mabawa. Jamaa akajiandaa kuona ule uso anaoujua.

"Kwa hiyo tunaitengeneza mimi na wewe?" dogo akauliza, viatu keshavua.

Mabawa yalikuwa yanalegea, wakapitisha kijiti cha mshikaki ndani, kuanzia bawa moja hadi jingine, yakanyooka. Mkia wa Q400 una umbo la T, kwa hiyo dogo akapewa kazi ya kuchuchumaa mbele na kusema kama umepinda kabla gundi haijakauka. Ulipinda mara mbili. Mapangaboi aliyahesabu mwenyewe: panga sita kila injini.

Wakaiweka mezani kwa matairi yake matatu. Ikainua pua, ikakalia mkia. Jamaa akaguna. Dogo akaisukuma pua chini kwa kidole, akaiachia, ikainuka tena.

"Baba, ina njaa huku mbele."

Bahati nzuri pua ilikuwa haijafungwa. Wakaitia sarafu ya shilingi 50. Bado. Ya pili ikatulia. Wakazigandisha kwa gundi, ndipo wakafunga pua. Saa kumi na moja jioni mama alipokuja kumchukua alikuta wawili hao wamelala mkekani, vidole vimeganda gundi, na chai ya asubuhi haijaguswa.

Jumapili uwanjani mambo yakawa hivi, kwa mujibu wa mama. Boksi lilipopita kwenye mashine ya ukaguzi, askari akasimamisha mkanda. "Mtoto, humo kwenye pua ya ndege kuna nini?"

"Shilingi mia," dogo akajibu. "Tumeiweka mimi na baba, ili isikalie mkia."

Askari akacheka, akawapitisha. Mama akamtumia jamaa stori nzima kwa meseji ya sauti, na mwisho wake inasikika sauti ya dogo akiuliza, "Likizo atakuja Dodoma?"

Jamaa aliisikiliza mara tatu. Akajizuia kujibu "nitakuja" palepale. Kwanza alikwenda kuuliza nauli ya basi, akaomba ruhusa kazini, ndipo akajibu, na tarehe akaitaja.

Haya wadau, nani hapa ana ahadi ya mtoto imelala kabatini? Kabla hujaongeza gundi, pima kwanza ulikosea wapi.