Mezani Peke Yako Tokyo

Kwetu mtu akila peke yake mkahawani hudhaniwa ni mchoyo au ana majonzi. Ukifika Tokyo, jiji kuu la Japani, iache fikira hiyo mlangoni. Kwenye mikahawa maridadi ya sake, pombe ya mchele, inua kidole kimoja tu. Utaonyeshwa kiti kwenye kaunta, mbele ya mpishi anayekata samaki.

Huenda ukaletewa kibakuli cha chakula usichoagiza. Usishangae, huitwa otoshi, na bei yake hutiwa katika hesabu yako. Sake huja baridi au imepashwa moto. Kikombe chake ni kidogo kama kile cha kahawa kule Mombasa, lakini usidanganyike: ukali wake ni asilimia 15 hivi, mara tatu ya bia. Agiza na maji.

Wajapani wakiwa pamoja, kila mtu humjazia mwenzake. Wewe uliye peke yako, jimiminie bila haya. Bakshishi haitakiwi. Ukiinuka, mwambie mpishi "gochisosama", yaani ahsante kwa chakula. Hata aliyekula peke yake ana mtu wa kumshukuru.