Greenhithe, Chuo Kilichoelea Mtoni

Baba alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti Lamu na kuziteremsha Mombasa. Nilipopata safari yangu ya kwanza ya London aliniagiza jambo moja: "Mwanangu, huko kuna meli ya matanga imewekwa nchi kavu. Kautazame mkuku wake, uje unambie."

Siku ya tatu nikateremka Greenwich. Hata mto sijauona, milingoti nilikwisha kuiona. Cutty Sark ilishushwa majini Dumbarton, Scotland, tarehe 22 Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Iliundwa kukimbiza chai kutoka China, lakini meli za moshi zilipita mferejini zikaifupisha njia, nayo ikaishia kubeba sufu ya Australia. Mwaka 1895 ikauzwa kwa Wareno.

Tangu 2012 imeinuliwa kama mita tatu, mtu anapita chini yake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkuku. Mataruma ni ya chuma, mbao zimepigiliwa juu yake, na chini kumevishwa bamba za madini ya manjano, zimepangana kama magamba ya samaki. Jahazi la baba tulikuwa tukilipandisha pwani na kulipaka shahamu na chokaa ili mbao zisiliwe na mdudu. Pale nikaelewa kwamba bamba zile zilikuwa ndiyo shahamu yao. Nikaweka kiganja, nikakiacha hapo kwa muda mrefu.

Lakini kilichonitoa Greenwich kwenda mbele ni habari ya miaka yake ya uzeeni. Nahodha Wilfred Dowman aliinunua mwaka 1922 akairudisha Uingereza. Alipofariki, mjane wake aliitoa kama zawadi, na mwaka 1938 ikavutwa hadi Greenhithe ikae ubavuni mwa meli ya mafunzo, Worcester.

Nikapanda treni kwenda huko. Mto Thames pale Greenhithe ni mpana, maji ya rangi ya matope, yanakwenda kwa nguvu bamvua linapotoka. Hapo ndipo chuo kilipokuwa, juu ya maji. Kilianza mwaka 1862, wenye meli wa London walipoazimwa manowari kuukuu ili wawafunze vijana kuwa maofisa wa meli za biashara. Meli ilikuwa ndiyo bweni na ndiyo darasa. Ilipochakaa ililetwa nyingine mwaka 1876, ikapewa jina lile lile, na ile ya pili ilipozama mtoni mwaka 1948, ya tatu ilikwisha kushika nafasi. Mimi naona huo ni ufundishaji wa kweli: kijana analala juu ya maji, anaamka na maji, kupwa na kujaa anakujua kabla hajakusoma kitabuni.

Matunda yake yalifika mbali. Togo Heihachiro wa Japani alisoma humo ujanani, na mwaka 1905 ndiye aliyezishinda manowari za Urusi kule Tsushima. Henry Bowers naye alitoka humo, akafa barafuni mwaka 1912 pamoja na Scott, kiongozi wa msafara wao, wakirejea kutoka Ncha ya Kusini.

Mwaka 1954 Cutty Sark ilipelekwa Greenwich. Mafunzo ndani ya Worcester yakakoma 1968, na miaka kumi baadaye meli ya mwisho ikaenda kukatwa vyuma chakavu. Nilitembea ukingoni hadi jioni. Jumba la Ingress Abbey, lililokuwa la chuo, bado limesimama, limezungukwa na nyumba mpya. Mtoni hakuna kitu.

Usiku nikampigia baba. Nilimweleza bamba, mataruma na milingoti. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na wale vijana, nani sasa anawalaza majini?"

Swali lile nimerudi nalo nyumbani. Mombasa na Dar es Salaam vyuo vya ubaharia vipo, na manahodha wa majahazi bado wako hai Lamu na Unguja, wazee wanaosoma kusi na kaskazi kwa kutazama mawingu. Wakuu wa vyuo, nawaomba: waiteni wazee hawa, na wanafunzi walale jahazini angalau msimu mmoja. Baba ana miaka 81, na yuko tayari.