Kuishi fletini si kupokea ufunguo tu

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukishika njia ya kwenda uwanja wa ndege, na ukishaupita uwanja wa michezo wa Nyayo, tazama mkono wako wa kushoto. Kule, kando ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo wenye haraka huilipia na sisi wengine huitumia kama mwavuli mvua inaponyesha, ndiko South B. Teremka hapo kwa hadhari kwani madereva wa matatu hawajui Jumapili, kisha uingie ndani mwendo wa dakika kumi hivi. Utapita duka la nyama, kinyozi, mama wa mboga na kibanda cha chapati. Ukiona lango jeusi lenye tundu dogo la bawabu kuchungulia, bisha. Umefika kwetu.

Sikuahidi kwamba utaona cha kupiga picha. Ni jumba la orofa nne, fleti 16 kwa jumla, mjakaranda mmoja unaomwaga maua juu ya magari kila Oktoba, na uwanja wa kuegesha magari manane ilhali magari yenyewe ni 11. Lakini nimekuita kwa sababu familia nyingi za mjini huota kumiliki nyumba, na siku ya kupokea ufunguo hakuna anayezieleza kuwa pamoja na vile vyumba vitatu zimenunua pia sehemu ya ngazi, sehemu ya paa, sehemu ya bomba la maji taka, na majirani 15.

Twende juu kwanza. Usihesabu vidato, utachoka mapema. Hapa kwenye paa ndipo kina mama huanika nguo na vijana wa chuo hujifanya wanadurusu. Upande huu ni mabati ya viwanda vya Industrial Area. Kule magharibi, kama hakuna ukungu, ndiyo milima ya Ngong, na kusini ni mbuga ya wanyama, ambayo wageni hulipa ili waione nasi twaiona bure, ingawa simba sijamwona hata mmoja.

Yale matangi meusi manne ndiyo moyo wa jumba hili. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, nayo hutufikia kwa mgao. Siku yanapokuja hujaza tangi kubwa lililochimbiwa karibu na lango, kisha pampu huyasukuma hadi huku juu. Pampu ikinyamaza, fleti 16 hunyamaza nayo. Yaani hufui, hupiki, na chooni huingii ila kwa ndoo. Ikumbuke pampu hiyo, tutarudi kwake.

Sasa, ni nani anayeangalia mambo haya yote? Kwa ploti ya kupanga jibu ni jepesi: mwenye nyumba. Unamnung'unikia, unamtisha kwamba utahama, naye anamtuma fundi. Hapa mwenye nyumba ni sisi wenyewe. Bunge lilipitisha sheria ya majumba ya namna hii mwaka 1987, lakini wajenzi wengi hawakuifuata. Walipendelea kuunda kampuni ndogo ambamo kila mnunuzi ana hisa, naye hupewa hati ya kukodi fleti yake kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ikaja sheria mpya iliyoifuta ile ya kwanza. Chini yake kila fleti yaweza kuwa na hatimiliki yake, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika moja. Shirika hilo huchagua bodi ya kutunza mali ya pamoja, kulikatia jumba bima, na kutoza ada, na asiyelipa aweza kudaiwa hata mahakamani. Imetajwa pia kamati ya kusuluhisha ugomvi wa ndani. Ni sheria nzuri. Ila haikutaja ni nani atakayepanda ngazi saa mbili usiku kubisha hodi kwa jirani na kumwambia anadaiwa.

Kwetu wa kubisha hodi ni watano, na hakuna anayelipwa hata nauli. Mwenyekiti ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Mweka hazina ni mama aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, nasi sote twamwita Mwalimu. Wawili ni vijana wenye kazi za ofisini, ambao huonekana pale penye chai. Katibu ni mimi. Siku ya uchaguzi nilichelewa kufika, na waliowahi walikuwa wamekwisha kunichagua.

Mwalimu huweka daftari kubwa lenye jalada gumu, na hesabu yake ni hii. Kila fleti hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi, jumla 80,000. Mabawabu wawili, wa mchana na wa usiku, huchukua 36,000. Mfanyakazi wa usafi 16,000. Wazoaji taka 4,000. Stima ya ngazi, lango na pampu, kama 12,000. Hizo ni 68,000, na zinazosalia ni 12,000 za rangi, bomba, bima na kila balaa ambalo Mungu atalileta. Wanne tu wasipolipa, pesa zinazoingia zinakuwa 60,000, na tayari tumepungukiwa na 8,000 kabla hata balaa lenyewe halijaja.

Balaa lilikuja Februari 2024, mwezi wa joto kali. Mota ya pampu iliungua. Fundi aliitazama, akaguna, akataja bei ambayo sanduku letu halikuwa nayo hata nusu. Kwa siku tisa tulinunua maji ya lori, tukayabeba kwa mitungi hadi orofa ya nne. Ungaliona ngazi zetu siku hizo! Watu waliokuwa hawasalimiani walikuwa wakigongana ndoo. Na kila aliyepumzika kwenye kona alikuwa na swali moja: ni nani hasa ambao hawajalipa?

Majina yalikuwa daftarini, nasi kwenye kamati tulikuwa tumeyafunika kwa muda mrefu kwa ajili ya haya. Mmoja ni bwana anayefanya kazi Doha. Fleti yake ina mpangaji, kodi humfikia kila mwezi, lakini ada alikuwa hajatuma kwa miezi 14. Hizo ni 70,000. Mwingine ni mama wa orofa ya pili. Mumewe alifariki baada ya kuugua muda mrefu, hospitali na mazishi vikala akiba yote, naye hakuwa amelipa miezi tisa, yaani 45,000. Watoto wake hucheza na wangu. Nikikutana naye ngazini alikuwa akitazama chini, na mimi, nakiri, nilikuwa nikijifanya natafuta funguo.

Mkutano ukaitwa Jumapili alasiri, pale chini ya mjakaranda, kila mtu na kiti chake. Hoja iliyoletwa na wengi ilikuwa fupi: pampu ikitengenezwa, wadaiwa wote wafungiwe koki. Asiyelipa asipate maji. Mkono kwa mkono iliungwa, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwani mgongo ulikuwa ungali unaniuma kwa ajili ya mitungi.

Ndipo Mwalimu akasimama na daftari lake. Alisema: "Wanangu, mimi nimeandika majina haya kwa kalamu moja, lakini si deni moja. Huyu ana pesa hataki kutoa. Huyu hana. Mkinituma nifunge koki mbili, tafuteni mtu mwingine wa kuzifunga." Akaliweka daftari juu ya kiti, na kitabu cha hundi juu yake. "Nani analichukua?"

Msomaji, kama umewahi kuketi kwenye mkutano wa chama unajua kimya ninachokisema. Watu 20 na zaidi, wenye digrii na magari, walitazama viatu vyao. Mhasibu wa orofa ya kwanza alikumbuka simu yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Aliyevunja kimya ni yule mama. Hakuwa amesema neno mkutanoni tangu msiba. "Sikuja kuomba kusamehewa," alisema. "Mkinisamehe nitashindwa kupita kwenye ngazi zenu. Nimeanza kushona sare za shule. Nipeni muda." Akasema kuanzia Machi atatoa 7,000 kila mwezi, yaani ada yake na 2,000 za deni.

Mwenyekiti alitaka jambo hilo liandikwe, nami nikaliandika. Kuhusu bwana wa Doha, mpangaji wake mwenyewe alisimama. Alisema yeye ndiye aliyebeba ndoo, si huyo bwana, na yuko tayari kutupa ile 5,000 moja kwa moja na kuikata kwenye kodi. Tulimwandikia mwenye fleti kumjulisha. Alinipigia simu usiku huo na maneno aliyoniambia hayafai kuchapishwa kwenye gazeti la familia. Hata hivyo hakumfukuza mpangaji. Fleti zilizobaki zilitoa mchango wa pampu, wengine kwa mafungu mawili, na Alhamisi iliyofuata maji yakapanda.

Wapo wanaosema kwamba tulikuwa wapole mno, kwamba jumba haliendeshwi kwa machozi. Jirani mmoja angali ananiambia hivyo kila tukikutana langoni, na siwezi kumwita mwongo: tungalikuwa wakali mwaka mmoja mapema, huenda pesa za mota zingalikuwepo. Lakini koki hiyo ingalifungwa na mtu anayeishi hapa, ambaye kesho yake angalipita mbele ya mlango uleule.

Katika mkutano wa Desemba 2024 nilisoma daftari mbele ya wote, kwani tangu siku ile tuliamua hakuna jina la kufunikwa tena. Mstari wa mama wa orofa ya pili ulisoma 25,000 zilizosalia. Hakuwa amekosa mwezi hata mmoja. Mstari wa Doha ulisoma 70,000 zilezile za zamani, na wakili alikuwa ameombwa atuandikie barua. Kisha tukafika kwenye uchaguzi. Mwalimu aliuliza kama yupo anayetaka kuwa mweka hazina. Watu wakatazama viatu.

Haya, giza limeingia, tushuke. Hiyo sauti unayoisikia karibu na lango ndiyo pampu. Taratibu hapa orofa ya tatu, taa imeungua tangu Alhamisi. Nimeiandika. Shika ukuta.