Kaseti ya Tisa, Upande wa Pili

Kabla ya kurekodi nilizima kiyoyozi. Kilikuwa cha dirishani, cha zamani, kikinguruma hadi sauti yangu ikimezwa. Kisha nilifunga madirisha yote, maana Hamriya ya chini yetu haikuwa na saa ya kunyamaza: honi za teksi, mitungi ya gesi ikigongwa, watoto wa majirani zetu wa Kerala wakikimbizana ngazini. Juni ya Muscat joto hupita digrii 40. Ndani ya chumba kile kilichofungwa, jasho likinidondokea kurasani, nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja nikaanza kusoma kwa Kiingereza kitabu cha uhasibu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa. Ilikuwa mwaka 1996. Msikilizaji wangu alikuwa mmoja tu, mdogo wangu wa kiume.

Sisi tuliozaliwa na wazee wa Unguja, tukisema “chuoni” kwanza tunamaanisha kwa mwalimu wa Kurani. Wazee wa zamani zaidi walikiita chuo hata kitabu chenyewe. Chuo cha Kurani mdogo wangu alikiweza kuliko sote. Bibi akimsomea aya mara tatu, ya nne anairudisha bila kukosa hata mvuto wa sauti. Skuli ndiko alikokwama. Kiarabu cha vitabuni hakiandiki irabu fupi, na ba, ta na tha zinatofautiana kwa nukta tu. Kiingereza kinaandikwa hivi kikatamkwa vile. Barua za Kiswahili kutoka Unguja alizisoma, polepole, kidole juu ya mstari, lakini alifika mwisho. Bibi alisema ana akili, walimu wakasema mvivu. Baba akasema mkaidi. Nami niliamini hivyo kwa miaka, jambo linaloniuma mpaka leo.

Alipofika chuo cha uhasibu, kitabu kizima kilikula kaseti 14 za dakika 90. Niliandika kwenye daftari: ukurasa 214, kaseti ya tisa, upande wa pili, 312. Hiyo 312 ilikuwa namba ya kile kihesabio kidogo kinachozunguka pembeni mwa kaseti. Mwalimu akisema fungueni ukurasa 214, wenzake wamefika kwa sekunde mbili, yeye anabadilisha kaseti, anaipeleka mbele, imepita, anairudisha nyuma, na somo limeshahamia kwingine. Halafu redio kaseti ikaharibika, tukanunua nyingine, na kihesabio chake kikawa kinakwenda kwa mwendo mwingine. Namba zangu zote zikawa hazina maana. Nilikaa na daftari lile mapajani nikalia.

Majedwali ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Mizania ina safu mbili za tarakimu. Jicho linazilinganisha mara moja, sikio linapewa moja baada ya nyingine mpaka ya kwanza imesahaulika. Na maneno niliyoyatamka vibaya aliyachukua vilevile, akayasema mbele ya darasa, wakamcheka. Aliomba muda wa ziada kwenye mtihani, akaambiwa ziada ni ya kipofu. Mwaka 1998 akaacha chuo.

Hilo la kipofu halikunitoka moyoni. Kipofu watu walimwelewa. Ilikuwepo Braille tangu karne ya 19, na hapa Oman kuna taasisi ya wasioona ya Omar bin Al Khattab. Lakini kijana mwenye macho mazima, anayeona sindano iliyoanguka zuliani, utamwelezaje mtu kwamba hawezi kusoma? Mwaka 2005 ndipo daktari mmoja alipotupa neno: disleksia. Nikaanza kutafuta. Nikamkuta W. Pringle Morgan, daktari wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1896 juu ya kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri asiyeweza kusoma. Mwalimu wa kijana yule alisema kwamba masomo yangekuwa ya mdomo tu, angewashinda wote skuli nzima. Nilimtafsiria Bibi. Akaniuliza, “Sasa mimi niliwaambia nini?”

Mwaka huohuo mdogo wangu alirudi chuo, masomo ya jioni. Ofisini kwetu palikuwa na skana, nikapiga kurasa moja moja baada ya kazi, nikazitia kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti. Kimya. Kumbe nilichompa ni picha za kurasa, na picha haina herufi. Ikabidi ipite kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, nayo ikawa inaunganisha r na n kuwa m, na kurasa za safu mbili inazisoma moja kwa moja kuvuka katikati. Nilisahihisha usiku kucha, na nilikuwa na wasiwasi: kunakili kitabu cha mtu hivi, ni halali?

Kilichobadilisha mambo kilikuja mwaka 2008. Watu wa DAISY, waliokuwa wakitengeneza vitabu vya kusikiliza tangu mradi wao wa Sweden wa 1988, walitoa pamoja na Microsoft nyongeza ya kugeuza hati ya Word kuwa kitabu cha DAISY. Hapo nikajua kosa langu la miaka yote. Kichwa cha habari ulichokikoleza wino tu, kwa kompyuta ni mstari kama mistari mingine. Lazima uiambie: hiki ni kichwa cha sura, hiki kidogo chake, hapa unaanza ukurasa 214. Niliiambia, sura baada ya sura. Alipobonyeza mara moja akafika ukurasa 214, na neno likawaka rangi pale linaposomwa, jicho na sikio vikaenda pamoja, alisimamisha, akarudi mwanzo wa ukurasa, akabonyeza tena. Hakusema kitu. Alimaliza diploma mwaka 2009.

Wasiwasi wangu wa uhalali ulijibiwa na wengine. Juni 2013, mjini Marrakesh, ulipitishwa mkataba unaoruhusu vitabu kunakiliwa kwa miundo inayofikika na kuvushwa mipaka, na haukuwataja vipofu peke yao: wenye ulemavu wa kusoma nao wamo. Ulianza kufanya kazi Septemba 2016. Kenya iliingia 2017, Tanzania 2020. Nilipousoma nilitafuta kwanza kifungu kinachomhusu mdogo wangu, nikakisoma mara mbili.

Sasa binti yake yuko chuo, anasoma uchumi, na amerithi macho ya baba yake. Vitabu vyake ni EPUB, vimo kwenye simu, anapanua nafasi ya mistari atakavyo, anakimbiza sauti nisiyoweza kuifuata. Juzi alikuja kwangu akiwa amekunja uso.

“Shangazi, hapa simu inaniambia ‘picha’ tu.”

Ilikuwa grafu. Mistari yenyewe aliiona vizuri. Maneno yaliyochapwa ndani ya picha ndiyo yasiyosomeka, kwa kuwa mchapishaji hakuweka maelezo yake. Nikavaa miwani. Unaoshuka kutoka kushoto ni mahitaji, nikamwambia, unaopanda ni ugavi, na hapa vinapokutana...

“Subiri, Shangazi,” akasema, akaisogeza simu mdomoni kwangu. “Anza tena, nakurekodi.”