Vidole Kumi Badala ya Viwili

Vyumba vingi vya habari hapa Dar es Salaam vina kichekesho kimoja. Watu ambao kazi yao ni kuandika kutwa nzima wanaandika kwa vidole viwili, wakidonoa kibodi kama kuku anavyodonoa mtama. Nami nilikuwa kundini. Mwaka huu nimejifundisha kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama, bila mwalimu na bila ada, na leo nataka nikusimulie ilivyokwenda.

Wengi hudhani shida ni mwendo tu. Ni kweli, sisi tunaolipwa kwa habari moja moja tunapenda mwendo. Lakini kilichonisukuma ni mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa akinisimulia maisha yake huku mimi nikizitafuta herufi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, mimi niko huku." Nikaona nahitaji kuyarudisha macho yangu kwa watu.

Ujuzi wenyewe si mgeni. Mahazili waliopitia chuo cha Tabora walikuwa nao tangu zama za taipureta. Na kujifundisha mwenyewe nako si kugeni. Mmarekani Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato mahakamani, alijifundisha kuchapa bila kutazama, na mwaka 1888 akashinda shindano mjini Cincinnati dhidi ya mtu aliyekuwa akizitazama herufi zake.

Mwanzo ni rahisi. Papasa kibodi yako, utakuta vinundu viwili, kimoja kwenye F na kingine kwenye J. Hapo ndipo nyumbani kwa vidole vya shahada. Mkono wa kushoto unakaa juu ya A, S, D na F. Wa kulia unaanzia J, K na L, na kidole cha mwisho kinakaa jirani ya L. Gumba ni la nafasi. Kila kidole kina herufi zake, na kikishachapa kinarudi nyumbani. Nilipakua programu ya bure, Klavaro, isiyohitaji intaneti ukishaiweka, nikawa nafanya mazoezi dakika 20 kila alfajiri kabla ya daladala.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo masomo yale hayasemi. Mpangilio wa kibodi hii ulitokana na mashine za Mmarekani Christopher Sholes, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Hakuna aliyekuwa akikifikiria Kiswahili. Hebu chapa "wanasaga karanga". Maneno mawili tu, lakini A ziko saba, na zote zinaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidhaifu kuliko vyote! Q na X, ambazo hatuzitumii kabisa, zina viti vyao palepale jirani. Masomo ya Kiingereza yalikuwa yakinizoesha maneno ambayo siyaandiki. Nikayaacha, nikatengeneza yangu kutoka kwenye habari zangu za zamani: aliwaambia, wananchi, halmashauri, mwanasheria. Kidole kile kiliuma siku kadhaa, kisha kikazoea.

Kazi kubwa ilikuwa wiki ya tatu. Kwa vidole viwili nilikuwa nafika maneno 30 kwa dakika. Kwa kumi nilikuwa na 12. Nikaamua sirudi kwenye vidole viwili hata ofisini. Habari ya saa moja ikanichukua saa mbili na nusu. Wiki ile niliandika habari tatu badala ya sita, na mfuko ukajua. Wenzangu walicheka, mhariri akaguna. Mwenye mwalimu huambiwa "vumilia"; anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia hivyo, na njia ya zamani iko palepale inamwita. Kilichonisaidia ni daftari. Kila siku niliandika idadi ya makosa tu, mwendo sikuuandika. Makosa yalipopungua, mwendo ukaja wenyewe. Wiki ya saba nikafika 31.

Sasa niko 45. Tarakimu bado nazichungulia, na alama ya kuuliza bado inanipiga chenga. Lakini juzi nilifanya mahojiano ya dakika 40 nikimtazama mama wa watu usoni, na nikaona alivyofumba macho alipomtaja mwanawe. Zamani hilo lingenipita.

Haya, na wewe kaa vizuri. Vitafute vile vinundu viwili kwa vidole vya shahada, funga macho, uandike: wanasaga karanga. Ukikosea A zote saba usijali, kesho utapata mbili.