Walimu wa UPE na Ujuzi Uliozaliwa Darasani

Ujuzi wa ualimu katika shule za msingi za Tanzania umekomaa zaidi darasani kuliko chuoni. Wanachuo wengi wa leo wakisikia "mwalimu wa UPE" (Elimu ya Msingi kwa Wote) humfikiria mtu aliyeokotwa kijijini akakabidhiwa chaki. Fikra hiyo inawadhulumu watu waliofundisha kizazi kizima kusoma na kuandika, na inaficha namna walivyojifunza kazi yao.

Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974, na lengo likawekwa kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuandaa walimu wa kutosha kwa muda huo. Ndipo wahitimu wa darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Walifundisha sehemu ya siku. Muda uliobaki walisoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Mratibu wa elimu wa kata aliwatembelea, na mwishoni mwa miaka mitatu walikwenda chuoni kwa wiki chache tu.

Shule za miaka ile zinakumbukwa kwa vumbi la chaki na harufu ya udongo mbichi wa kuta zilizojengwa kwa nguvu za wanakijiji. Watoto walikaa chini, daftari likiwa juu ya goti. Katika hali hiyo mwalimu kijana alikutana na maswali ambayo masomo ya posta hayakuyajibu.

Mfano mzuri ni hesabu za kutoa. Mwalimu aliandika ubaoni 52 toa 27, na nusu ya darasa ikaleta 35. Wiki ya kwanza aliweka alama nyekundu ya kosa kwenye kila daftari lililokosea na kurudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Majibu hayakubadilika. Siku alipomwita mtoto mmoja mbele na kumtaka aeleze alivyofanya, mambo yalifunguka: kwenye mamoja, 2 haikutosha kutoa 7, basi mtoto akageuza akatoa 2 kwenye 7 na kupata 5. Hakuwa mzembe. Alifuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, na kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake.

Hapo mwalimu akatuma watoto walete vijiti. Kumi kumi vilifungwa kwa kamba za mgomba; mafungu matano na vijiti viwili vikawekwa sakafuni. Ili kutoa saba, fungu moja lilibidi lifunguliwe. Mtoto alilifungua kwa mikono yake, akahesabu vijiti 12, akatoa 7 vikabaki 5, kisha akatoa mafungu 2 katika manne yaliyosalia. Jibu likawa 25, na sababu yake ilionekana kwa macho. Mwaka uliofuata mwalimu yule yule alianza mada hiyo na vijiti, akijua kosa litakalokuja kabla halijaandikwa. Kulijua kosa hilo mapema, na kujua dawa yake, ndio ujuzi wa ualimu wenyewe.

Ujuzi huo haukubaki kwa mtu mmoja. Wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, walimu walipeana habari za somo lililogoma. Mwalimu mzee aliyepitia chuo alikagua andalio la somo la kijana, akauliza: "Wasipoelewa hapa, utafanyaje?" Swali hilo moja lilifundisha zaidi ya kurasa nyingi.

Lakini miaka ya 1980 chaki na vitabu viliadimika, na mishahara midogo ikawalazimisha walimu wengi kutafuta riziki nyingine baada ya saa za kazi. Mwaka 2002 MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulileta madarasa mapya, na wanafunzi wakafurika upya. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka, vijana waliomaliza kidato cha sita waliandaliwa kufundisha kwa muda mfupi mno na kubandikwa jina la "vodafasta", kejeli ile ile waliyoibeba walimu wa UPE. Siku hizi maandalio ya somo yananakiliwa kutoka kwenye simu, yamepangwa vizuri, bila dalili ya mtoto yeyote ndani yake. Inasikitisha, kwa sababu andalio lisilobeba makosa ya darasa la jana halimsaidii mwalimu wa leo.

Mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umerudisha mazungumzo shuleni kupitia jumuiya za kujifunza, ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili mada zinazowatatiza. Mikutano hiyo huzaa matunda pale daftari la mwanafunzi linapowekwa mezani na walimu wakatafuta kwa pamoja alivyofikiri alipokosea. Inapogeuka kuwa ya kusaini mahudhurio na kusomewa waraka, mwalimu hurudi darasani na shida zile zile alizoondoka nazo.