Milima Iliyokutana

Milima haikutani, wanadamu hukutana. Methali hii imewafariji wasafiri wengi, wala haina kosa kwa umri wa mtu mmoja. Lakini mtu asimamaye Kilakala, mjini Morogoro, akainua macho kuitazama milima ya Uluguru, yu mbele ya ushahidi wa kuipinga. Milima ile ni alama ya makutano ya nchi za kale.

Jiwe la Uluguru silo jiwe la volkano kama la Kilimanjaro, mlima kijana wenye umri wa miaka milioni chache tu. Ni jiwe lililopikwa chini sana ya ardhi, kwa joto na uzito, hata likapoteza umbo lake la asili. Likivunjwa huonyesha mistari ya weusi na weupe iliyokunjamana, na pengine humeta ulanga. Wataalamu wa miamba hukadiria kuwa liliiva yapata miaka milioni 640 iliyopita. Vipande vya nchi vilisogeleana, bahari iliyovitenga ikafungika, kingo zikagongana na kukunjana. Kwa miungano ya namna hiyo likaumbika bara moja kubwa, Gondwana, ambamo Afrika, Bukini, Bara Hindi, Australia, Antaktika na Amerika ya Kusini zilikaa pamoja. Kovu la mgongano huo ni ukanda mrefu wa miamba upitao Tanzania na Kenya, ambao Arthur Holmes, Mwingereza, aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951.

Yaliyokutana yaliachana. Ardhi ilinyooka na kudidimia, mabonde yakajaa mchanga na mimea iliyooza. Makaa ya mawe ya Mchuchuma na Kiwira ni urithi wa zama hizo. Yapata miaka milioni 160 iliyopita Bukini ilianza kuachana na Afrika ikielekea kusini, na maji ya chumvi yakaingia katika ufa. Mawe ya chokaa yaliyotandikwa na bahari ile yangalipo mashariki ya Morogoro. Ardhi ilipokatika tena na tena, upande mmoja ulipanda na mwingine ukashuka. Ndiyo maana Uluguru husimama ghafula juu ya tambarare.

Mjerumani Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara husafiri, wengi walimcheka, kwa kuwa hakuweza kueleza kwa kuridhisha nguvu iyasukumayo. Alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kusadikiwa. Katika miaka ya 1960 sakafu ya bahari ilipopimwa, wataalamu wengi walikubali. Mabara hayakungoja ruhusa yao. Hata leo Bonde la Ufa hupanuka kwa milimita chache kila mwaka.

Utengano huo umekuwa neema. Ufa ulizaa bahari, bahari huleta mawingu, mawingu huzuiwa na Uluguru, na mvua yake hulisha msitu wenye ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine po pote duniani. Maji hayo huteremka Mto Ruvu, yakanyweshe Dar es Salaam. Lakini mvua ilishayo msitu huchukua udongo pale mteremko ulipo uchi. Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta. Mwaka 1955 walikataa kwa ghasia, kwa maana amri isiyosikiliza wenye shamba haipandi mbegu. Amri ilikwisha, hatari ikabaki.

Basi methali na elimu hazigombani. Kila moja ina pishi yake. Methali hupima kwa umri wa mtu, nayo elimu ya miamba hupima kwa umri wa dunia. Kwa pishi ya pili, milima hukutana, huachana na huinuka tena. Kwa pishi ya kwanza, udongo ukishachukuliwa na mto, hapana mkulima wa Uluguru atakayeishi hata auone ukirudi. Pishi hii ya kwanza ndiyo ipimayo chakula cha watoto wake.